Kigae cha Saba

Tiketi ni rupia elfu ishirini. Nimelipa.
Husni, kijana wa funguo, ameichana kwa adabu
kana kwamba sikusoma darasa moja na dada yake,
kana kwamba sijui mbuzi wao wanalala wapi.
"Karibu sana," anasema, kwa sauti ya wageni,
na kwa mara ya kwanza katika ukoo wetu
mtu anaingia nyumba hii kwa mlango wa mbele.

Bibi yangu Poniyem aliingilia nyuma.
Miaka kumi na tisa, kila alfajiri,
ndoo mkono huu, tambara mkono huu,
magoti yamesuguka kama matako ya sufuria.
Jina lake ni la siku ya gulio, huko Java,
alikotoka babake kwa meli, na karatasi
aliyoitia dole gumba asijue inasema nini.
Kisiwa kizima kilinukia kungumanga.
Bado kinanukia.

Hiki kiti cha Bwana Kloosterveen, anaonyesha Husni.
Thurea hii ilitoka Ulaya. Kioo kimeingia madoa,
mtatuwia radhi, ni chumvi ya bahari.
Na huyu ni Bi Mkubwa, na mbwa wake.
Mbwa ameandikwa jina.
Nyuma ya mbwa kuna mkono ulioshika mwavuli,
mkono tu, hadi kiwiko,
kisha fremu.
Si wa bibi; bibi alikuwa hajazaliwa.
Ni wa nani basi?
Husni hajui. Hajawahi kuulizwa.

"Na jikoni?"
"Jikoni hakuna kitu. Watu hawaendi."
"Mimi naenda."

Wenzangu walilazwa kwa ngano.
Mimi bibi alinilaza kwa vigae.
Alivijua kama ulimi unavyoyajua meno:
hiki kina ufa, kile hunywa maji,
cha pembeni kina nyayo ya paka
aliyekikanyaga kingali udongo mbichi, huko Uholanzi,
na cha saba kutoka mlango wa jiko
hucheka.
Hucheka vipi, Bibi?
Akachukua kungumanga iliyokaa moshini wiki sita,
imo bado gandani mwake,
akaitikisa karibu na sikio langu.
*Koko, koko.*
Iliyokauka hubisha hodi. Mbichi haisemi neno.
Hivyo, akasema. Hucheka hivyo.

Nahesabu. Moja. Mbili. Paka yule, kumbe kweli,
vidole vinne vimezama vizuri.
Tano. Sita.
Husni ananidaka mkono: "Pita pembeni!"
Sauti ya wageni imemtoka yote.
"Nilikivunja mimi," ananong'ona,
"mwaka wangu wa kwanza, nilipokuwa nimebeba ngazi.
Sijawaambia. Watanikata mshahara.
Mwaka wa nne huu nakiruka."

Namtazama, jitu zima, ndevu zimemjaa,
mwaka wa nne anakiruka kigae.
Hiki, namwambia, kilikuwa kikicheka
mamako hajazaliwa.
Nakikanyaga kwa kisigino.
*Koko.*
Naye anakikanyaga, taratibu, kama anayepima kina cha maji.
*Koko, koko.*
Kisha anakaa chini, pale pale sakafuni,
kofia ya kazi mapajani, anacheka hadi machozi,
na dirishani, ng'ambo ya mkondo, mlima wa moto
umejifunika wingu lake, hauna habari.

Hatukukifunua. Pengine chini ni mchanga tu.
Bibi hakusema kimeficha kitu.
Alisema hucheka.

Mlangoni kuna kitabu: jina, nchi, maoni.
Juu yangu mtu wa Rotterdam ameandika: pazuri mno.
Kwenye jina naandika Poniyem.
Kwenye nchi nafikiri kidogo, napaacha.
Kwenye maoni: *Kigae cha saba kisitengenezwe.*

Husni anasoma begani kwangu, midomo ikicheza.
Anafunga kitabu. Hafungi mlango.
"Na ule mkono," anauliza, "wa mwavuli,
tukamuulize nani?"